Nyumba ya Rehani na Wakala Aliyefilisika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama watokao Malindi na Kilifi katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa sababu wengi walikuwa zamuni siku hiyo na wameyaomba.)



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara wala saa za zamu. Hayo yana siku yake. Tumeombwa na wajumbe tuseme juu ya jambo ambalo limewapata wenzetu zaidi ya mmoja, nalo ni nyumba iliyowekwa rehani kwa benki, ikaachwa mkononi mwa wakala, na wakala akashindwa kupeleka fedha. Sisi si mawakili wa mahakamani. Ni watu wa reli. Lakini tumeyaona haya kwa macho yetu, na tumekwenda kuuliza kwa wanaojua sheria, na tuliyoyapata twawaletea.

Ninyi mwajua hali yetu. Mtu wa Ganze, au wa Kaloleni, au wa Malindi, anaandikwa kazi ya reli na kazi yenyewe haiko kwao. Reli haifiki Kilifi mjini wala Malindi. Kwa hiyo mtu hukaa Mariakani, au Voi, au Mtito Andei, na mke na shamba viko nyumbani. Akipata nafasi ya mkopo hujenga vyumba vya kupangisha. Tangu chuo cha Pwani kilipowekwa Kilifi mwaka 2007, na kuwa Chuo Kikuu kamili mwaka 2013, wanafunzi wamekuwa wakitafuta vyumba, na wengi wetu tumejenga. Huko Malindi na Watamu wengine wamejenga nyumba ndogo za wageni. Mambo hayo ni mema, hatuyalaumu. Lakini mwenye nyumba yuko mbali, basi hutafuta mtu wa kukusanya kodi, na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

YALIYOMPATA MWENZETU

Jina lake hatutalitaja, wala jina la wakala, wala la benki. Mwenyewe ametupa ruhusa tuseme, naye yumo humu ndani.

Mwenzetu huyu ni mtu wa gangi. Alijenga vyumba 8 huko Kilifi kwa mkopo wa benki, na hati ya kiwanja ikawekwa rehani. Kila chumba kodi yake ni Shs. 4,500/- kwa mwezi, jumla Shs. 36,000/-. Benki inataka Shs. 29,000/- kila mwezi. Akamweka wakala, mtu wa kwao waliyecheza naye utotoni. Wakakubaliana hivi: wakala akusanye kodi, achukue sehemu yake moja katika kumi, yaani Shs. 3,600/-, alipe benki Shs. 29,000/-, na zinazobaki, Shs. 3,400/-, azitume kwa simu kwa mwenye nyumba.

Mambo yakaenda vizuri karibu miaka mitatu. Kisha tangu mwezi wa kwanza mwaka 2022 wakala akaacha kupeleka fedha benki. Lakini, ndugu zetu, sikilizeni hili. Zile Shs. 3,400/- hakuacha kuzituma. Kila tarehe 5 simu ya mwenzetu ililia, na akiona fedha yake imeingia, moyo wake ulitulia, akajua ya benki pia imekwenda. Kumbe aliyekuwa akiiba ng'ombe alikuwa akimletea mwenyewe kibuyu cha maziwa kila siku.

Miezi mitano ikapita hivyo. Benki iliandika barua. Barua hazikumfika. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kutia sahihi mwenzetu hakuwa na sanduku la posta la karibu, akaandika sanduku la wakala. Kwa hiyo benki ilipoandika kwamba fedha hazilipwi, aliyesoma ni yule yule asiyelipa.

Aliyeokoa jambo ni mpangaji mmoja, mwanafunzi. Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita alimpigia simu mke wa mwenzetu akasema, "Mama, kuna mtu amekuja kupima nyumba. Anasema ametumwa kukadiria bei. Je, nyumba yauzwa?" Mama yule hakungoja mumewe apate likizo. Alipanda matatu siku ile ile, akaenda benki, akaambiwa deni la miezi mitano halijalipwa, Shs. 145,000/-, mbali na faini ya kuchelewa, na kwamba ilani ya kuuza imekwisha andikwa.

Wakamtafuta wakala. Ofisi imefungwa. Wakaja kusikia kwamba mahakama imekwisha mtangaza kuwa amefilisika. Alikuwa amekopa kwa ajili ya nyumba za wageni, na mwaka 2020 wageni walipokoma kuja kwa sababu ya Korona, alizama, na katika kuzama akashika kila fedha iliyokuwa karibu, ya kwake na ya watu.

AIBU ILIVYOTAKA KUMALIZA NYUMBA

Mwenzetu alipopata habari alikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Tulimwona kazini, hali chakula, hasemi. Tulidhani amefiwa. Aliogopa kusema kwamba ametapeliwa na rafiki yake, na aliogopa kwamba watu watamcheka kwa kujenga kwa deni. Siku tisa katika siku 40 za ilani ni nyingi, ndugu zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu akiona taa nyekundu mbele ya gari hakai akaona haya, huvuta breki.

Alipomwambia mjumbe wake, jambo la kwanza alilotaka ni kuwatoza wapangaji upya ile kodi ya miezi mitano. Hapo tulimkataza, na twawakataza ninyi pia. Mpangaji aliyemlipa wakala uliyemweka wewe mwenyewe, amekulipa wewe. Wale wanafunzi walitoa simu zao, na kila mmoja alikuwa na ujumbe wa malipo ya kila mwezi. Mtoto wa maskini mwenzetu hawezi kulipa mara mbili kwa kosa la mtu uliyemchagua wewe. Na mkumbuke ya kwamba ni mmoja wao aliyeiokoa nyumba.

SHERIA INASEMAJE

Sasa twaja kwenye sheria. Tutakwenda pole pole, kwa kuwa hapa ndipo mtu hupotea.

Kwanza, deni la benki ni lako, si la wakala. Wewe ndiwe uliyetia sahihi. Wakala akila fedha, akifa, akikimbia, akifilisika, benki itakutazama wewe. Usiende benki kusema, "Mimi nilimpa fulani." Watakusikiliza kwa heshima, kisha watakuuliza utalipa lini.

Pili, benki haiwezi kuamka asubuhi ikauza nyumba jioni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 90, yasema kwamba fedha zisipolipwa, na hali hiyo ikiendelea mwezi mmoja, benki hutoa ilani ya kwanza. Ilani hiyo lazima ieleze kosa ni nini, ni fedha ngapi zitakiwazo, na ikupe muda usiopungua miezi mitatu. Miezi hiyo ikipita bila malipo, kifungu cha 96 chataka ilani ya pili, ya siku 40, kwamba sasa wataka kuuza. Ilani hiyo si ya mwenye nyumba peke yake. Hupelekewa pia mke au mume aliyekubali rehani hiyo, na mdhamini, na wengine waliotajwa. Baada ya hapo dalali naye, kwa Kanuni za Madalali za mwaka 1997, hutoa ilani yake ya siku 45 ya kukomboa mali, na hutangaza gazetini, na mnada hauwi kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza.

Tatu, nyumba haiuzwi kwa bei ya samaki waliochacha. Kifungu cha 97 chaitaka benki ifanye kila liwezekanalo kupata bei njema, na kabla ya kuuza lazima mthamini aikadirie. Ndiyo maana yule mtu alikuja kupima. Ikiwa bei iliyouziwa iko chini ya bei ya soko kwa robo nzima au zaidi, sheria huanza kwa kudhani kwamba benki haikutimiza wajibu wake, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani. Tunayo Mahakama Kuu Malindi, si lazima mtu aende Nairobi.

Nne, kabla ya nyumba kuuzwa bado una haki ya kulipa deni ukaikomboa. Nyundo ya dalali ikishaanguka, mlango umefungwa.

Tano, riba nayo ina mpaka. Tangu mwaka 2007, kwa kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, deni likishaacha kulipwa, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi ule mkopo uliobaki siku ile. Kwa hiyo mtu akuletee hesabu ya deni, isome. Usiogope karatasi kwa sababu ina mhuri.

WAKALA ALIYEFILISIKA HUSHIKWAJE

Watu wengi wakisikia fulani amefilisika hudhani mambo mawili, na yote mawili si kweli. Wa kwanza husema, "Basi, fedha zangu zimekufa." Wa pili husema, "Nitamshitaki kesho."

Kesi hizo sasa ziko chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya zamani ya wakati wa ukoloni. Mahakama ikishamtangaza mtu kuwa muflisi, mali yake huwekwa mkononi mwa msimamizi. Tangu hapo wanaomdai hawawezi kumvuta kila mmoja upande wake bila ruhusa ya mahakama. Wote huandika madai yao kwa msimamizi, wakionyesha ushahidi, na kitakachopatikana hugawanywa kwa taratibu ya sheria.

Lakini kuna tofauti kubwa ya kuijua. Fedha aliyoishika mtu kwa ajili ya mwingine ni amana, si mali yake, na haiingii katika mali ya kugawanywa. Sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, yamtaka wakala awe ameandikishwa katika Halmashauri yao, na fedha za wateja aziweke katika hesabu ya benki iliyo mbali na yake mwenyewe. Ikiwa alifanya hivyo, na fedha zako zimo, waweza kusema, "Hizi ni zangu," na ukazipata. Ikiwa alichanganya zote katika mfuko mmoja akazitumia, utapanga foleni pamoja na wadai wengine. Wakala wa mwenzetu hakuwa ameandikishwa, wala hakuwa na hesabu ya mbali. Kila shilingi ilipita katika simu yake. Mwenzetu ameandika dai lake la Shs. 145,000/-, na hata leo hajaona senti. Hatutaki kuwadanganya.

Tena, kufilisika hakumfuti mtu kosa la jinai. Wizi wa wakala umetajwa katika Penal Code, kifungu cha 283, na polisi waweza kuandikiwa. Na deni lililotokana na udanganyifu halifutiki muflisi anapofunguliwa, kama madeni mengine yanavyofutika. Kwa hiyo tunza karatasi zako. Siku ya hukumu ya mambo haya, karatasi ndiyo shahidi.

Wale wenzetu wa misheni wamekumbuka habari ya wakili katika Injili ya Luka aliyeitwa atoe hesabu ya kazi yake. Na ndugu zetu Waislamu wa Malindi na Mambrui wafundishwa tangu chuoni kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Dini mbili, neno ni moja. Lakini hata yule tajiri wa Injili aliita hesabu. Sisi hatukuiita miaka mitatu.

NYUMBA ILIVYOOKOKA

Mwenzetu na mkewe walikwenda benki pamoja na mjumbe wetu. Hawakwenda kulia wala kugomba. Walichukua karatasi moja iliyoandikwa hesabu. Deni Shs. 145,000/-. Ng'ombe wawili wameuzwa mnadani Mariakani kwa Shs. 60,000/-, nazo hizi hapa leo. Baki Shs. 85,000/-, zilipwe kwa miezi 10, Shs. 8,500/- kila mwezi, juu ya zile Shs. 29,000/- za kawaida. Jumla Shs. 37,500/- kwa mwezi. Kodi ya vyumba, sasa bila wakala, ni Shs. 36,000/- na italipwa na wapangaji moja kwa moja katika hesabu ya mkopo. Pungufu ni Shs. 1,500/-, zitatoka katika mshahara.

Meneja alisoma, akauliza maswali mawili, akataka barua za wapangaji, kisha akakubali kwa maandishi kusimamisha mnada. Faini ikalipwa baadaye. Miezi 10 imepita na deni la nyuma limekwisha. Ng'ombe hawakurudi, lakini nyumba ipo.

Twataka mwone jambo moja hapa. Benki haikuhurumia machozi. Ilikubali kwa sababu iliona fedha ya siku ile, na mpango unaoweza kuhesabika. Na kama wangengoja mpaka dalali atangaze gazetini, gharama za dalali nazo zingekuwa juu yao.

NA IKIWA ALIYEFILISIKA NI WEWE

Limetufikia pia swali la mwanachama mwingine. Yeye mwenyewe amelemewa na madeni, na ameambiwa akijitangaza muflisi yote yatafutika, pamoja na nyumba ya rehani.

Ndugu, usidanganyike. Aliyeshika rehani husimama nje ya wadai wengine. Kufilisika kwako hakuondoi haki yake juu ya nyumba. Fedha zisipolipwa, ataiuza vile vile. Kodi za wapangaji nazo si zako tena kuzitumia upendavyo. Jambo la kwanza ni kumwambia msimamizi kwamba kuna nyumba, kuna wapangaji, na kuna mtu anayekusanya kodi, ili isiwe kila mtu adhani mwenzake ndiye anayelipa benki. Miezi hupotea hivyo. Ukificha nyumba au ukaiandika jina la shemeji, umeongeza kosa juu ya deni.

Kwa kawaida muflisi hufunguliwa baada ya miaka mitatu tangu alipoandika na kuweka taarifa ya mali na madeni yake. Lakini kabla ya kufika huko, sheria ile ile ina njia nyingine. Iko ya kupatana na wadai kwa hiari, chini ya usimamizi, na iko ya kulipa kidogo kidogo kwa amri. Asiye na mali kabisa, na deni lake si chini ya Shs. 100,000/- wala si zaidi ya Shs. 400,000/-, ana njia yake ya peke yake. Uliza kwanza.

Na jambo lituhusulo sisi sote: waliokudhamini katika SACCO hawafunguliwi kwa sababu wewe umefunguliwa. Deni lako litakwenda katika mishahara yao. Kwa hiyo ukiona mambo yanakwenda vibaya, waambie mapema, wasije wakajua siku ya mshahara. Na kwa upande wa mshahara wenyewe, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili. Theluthi moja ni ya chakula cha watoto. Mtu akikatwa kupita hapo, alete karatasi yake ya mshahara kwa mjumbe.

MAMBO YA KUFANYA

Basi, ili tusiseme maneno matupu, haya ndiyo tuliyokubaliana:

1. Kodi ya mpangaji na iingie katika hesabu ya mkopo moja kwa moja. Wakala apewe sehemu yake baadaye. Asiyetaka hivyo, mwulize sababu.

2. Anwani na simu iliyo benki iwe yako, na ya mkeo au mumeo. Isiwe ya wakala. Ukihamishwa kituo, badilisha.

3. Kila mwezi omba benki hesabu ya mkopo. Fedha kidogo inayoingia katika simu yako si ushahidi kwamba kubwa imelipwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Wakala awe ameandikishwa, na mapatano yawe kwa maandishi, hata kama mlinyonya titi moja.

5. Ukimwondoa wakala, waandikie wapangaji wote siku hiyo hiyo, wajue pa kulipa. Usiwatoze mara mbili.

6. Ukipata ilani, andika tarehe uliyoipokea, na uilete kwa mjumbe kabla ya siku tatu. Hatutacheka mtu.

Neno la mwisho ni kwa wale wasio na rehani ya benki. Huko Malindi wengi wana nyumba juu ya kiwanja cha mtu, na wengine mpaka leo hawana hati ya mahali walipozaliwa. Hao benki haiwapokei, na hukopa kwa watu binafsi. Na aliyepata hati, hasa hizi za mashamba ya makazi, asimpe mtu hati hiyo mkononi kwa deni dogo la harusi au matanga. Tuliingoja hati hiyo tangu siku za babu zetu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga ya ardhi hayaishi siku tatu.

Mwenzetu ametuomba tuseme hili kwa niaba yake: anamshukuru mkewe aliyepanda matatu siku ile bila kungoja ruhusa, na anamshukuru yule mwanafunzi. Tangu hapo ule mpangaji wake wa chumba cha tatu hupewa nazi kila mwenye nyumba ajapo likizo.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya kulipa ni kujua. Umoja ni nguvu.